Khofu ya Magogo

Tangu ilipotoka filamu ya Kimarekani iitwayo Final Destination 2, mwaka 2003, ambamo mnyororo wa lori hukatika, magogo yakamwagika barabarani, na moja likapasua kioo cha mbele cha gari la askari na kumwua papo hapo, madereva wengi wa huko hawastahimili kufuata lori lililopakia magogo. La ajabu ni kwamba magogo yale kwa sehemu kubwa yalichorwa kwa kompyuta, kwa sababu magogo ya kweli, yalipojaribiwa, hayakuruka kiasi cha kutisha.

Mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza mambo haya kabla ya sinema kuwazwa: mtu hupita bila ya taabu juu ya ubao uliolazwa chini, lakini ubao huo ukitandikwa juu ya shimo, sura ya kuanguka humtawala moyoni hata viungo vikaitii sura, visiitii akili. Ndiyo nguvu ya wahamu, yaani dhana ya moyoni.

Je, khofu hiyo ni batili? Sithubutu kusema hivyo, maana shehena isiyofungwa barabara huua kweli, na mwenye kujitenga na lori amefanya jambo la busara, ijapokuwa sababu yake aliipata katika mchezo. Kinachonihuzunisha ni dereva yule yule, ambaye, kwa kuwa hakuna sura iliyomwonya juu ya usingizi wala mwendo wa kasi, hulikimbia lori kwa kulipita penye kona, simu i mkononi, na moyo wake umetulia.