Tusihukumu Kabla ya Kusikiza



Katika mwaka 428 Nestorius alifanywa askofu mkuu wa Constantinople, mji uitwao leo Istanbul. Jambo alilolitanguliza ni kumtaka Kaisari awang'oe wazushi. Baada ya miaka 3 aliitwa mzushi yeye. Alikataa Bibi Maryamu asiitwe Mama wa Mungu. Akapenda aitwe Mama wa Kristo. Hatusemi kuwa hiyo ni tauhidi, kwani naye aliitakidi uungu wa Nabii Isa. Lakini na tutazame alivyohukumiwa. Mkutano wa Ephesus, Juni 431, uliongozwa na Cyril, hasimu wake, ukamvua uaskofu kwa siku moja, hali maaskofu wa Syria waliomwelekea hawajawasili. Kisha vitabu vyake vikaamriwa vichomwe, naye akafia uhamishoni Misri.

Je, sisi tu mbali na hayo? Mara ngapi twamwita ndugu yetu mzushi barazani, hali hatukumsikiza wala hatukusoma alichoandika? Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat ametuamrisha tuhakikishe habari, tusije tukadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Batili hujibiwa kwa hoja. Basi tumche Mungu, na kabla ya kuhukumu tusikize.