Mieleka ya Yakobo kwenye Ardhi Nyekundu

Mwaka 1888, huko Pont-Aven, Ufaransa, Paul Gauguin alichora akina mama wa Brittany baada ya mahubiri, kofia zao nyeupe zimejaa mbele, baadhi wamefumba macho. Ng'ambo ya shina la mti linalokatiza picha, Yakobo anapigana mieleka na malaika juu ya ardhi nyekundu tupu. Padri wa kijiji cha Nizon alipopewa picha hiyo kwa ajili ya kanisa lake, aliikataa. Mimi katekista namwelewa. Wekundu ule ungewasumbua waumini wangu pia, sembuse yule ng'ombe mdogo anayezurura pembeni! Gauguin alimwandikia Vincent van Gogh kwamba mieleka ile imo tu katika mawazo ya wanaosali. Hapo namkatalia. Yakobo aliondoka akichechemea, na nyonga haiteguki kwa mawazo.