Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12: Nepi za kitambaa, na ni nani anayebana matumizi

 

Leo najibu swali la dada mmoja mwenye mtoto wa miezi minne. Anasema: "Ustadh, mume wangu kaniambia kuanzia mwezi huu pampasi basi, turudi kwenye nepi za kitambaa kama mama zetu, maana hali ngumu. Nikikataa napata dhambi? Na nepi zikijaa nyumbani, swala yangu inakuwaje?"

Swali la mwisho ndilo jepesi, tuanze nalo.

Dada yangu, nepi ya kitambaa haiharibu swala yako zaidi ya pampasi. Pampasi iliyojaa ina najisi ile ile, imefichwa tu isikulowanishe. Ukiswali umembeba mtoto mwenye pampasi iliyolowa, kwa madhehebu yetu ya Shafi umebeba najisi. Kwa hiyo hofu ya tahara isiwe sababu ya kuikimbia nepi.

Kufua kwenyewe kuna utaratibu wake. Kinyesi unakitoa kwanza chooni. Unafua kwa sabuni kwenye beseni, unamwaga maji yale. Kisha, na hapa wengi wanapita haraka, suuza ya mwisho mwagia maji safi juu ya nepi, usiitumbukize tu. Sababu ni kwamba maji machache, yaliyo chini ya kulateni, yakiingiwa na najisi yananajisika. Kulateni kwa makisio ya wengi huzunguka lita 200, yaani pipa zima, na beseni lako halifiki hapo. Umefua ukasugua, harufu imeisha ila limebaki doa la njano lisilotoka? Limesamehewa. Usijitese na doa.

Na mtoto wa kiume anayenyonya tu, hajaanza kula, mkojo wake ukikugusa nguo unanyunyizia maji yaliyoenea pale palipolowa, inatosha. Wa kike unaosha. Katika mlango huu kuna hadithi ya Ummu Qays binti Mihsan, radhi za Allah ziwe juu yake. Alimpeleka mwanawe mchanga kwa Mtume, swalallahu alayhi wasallam, akampakata, na mtoto akamkojolea. Mtume akaagiza maji akayanyunyizia pale. Kila nikiisomesha hadithi hii namwambia mwanafunzi atazame jambo moja: mama wa mtoto alikuwa pale pale, na Mtume hakumwambia "njoo usafishe mwanao". Tuliweke hilo akilini, tutalihitaji hapa mbele.

Sasa pesa. Baba huyu hajakosea hesabu. Tuseme mnanunua dukani kimoja kimoja kwa shilingi 500, kama wengi wetu tunavyonunua huku Terrat. Vitano kwa siku ni 2,500, kwa mwezi 75,000. Mwenye uwezo wa kununua pakiti kubwa analipa kidogo kwa kila kimoja, lakini maskini ndiye anayenunua kwa rejareja, basi analipa zaidi kuliko tajiri kwa kitu kile kile. Halafu anaanza kubania: mtoto anakaa na kimoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri, ngozi inachubuka, anakesha analia. Hapo nepi safi inayobadilishwa kila ikilowa ina heri nyingi kwa mtoto. Shuka kubwa la pamba la mitumba kutoka Kilombero ukilikata linatoa nepi kumi au zaidi, na pindo unashona kwa mkono.

Kwa hiyo dada, kama unakataa kwa sababu ya majirani, kwamba watasema mtoto anafungwa pini kama wa zamani, hapo sina la kukutetea. Kuna nyumba zinachukua pampasi kwa daftari la duka, daftari likijaa wanakwenda kwenye mikopo ya kausha damu. Kukopa kwa riba ili jirani asione kamba ya nepi uani! Allah ametuambia katika Suratu Talaq mwenye dhiki atoe katika kile alichopewa, na hakalifishi mtu zaidi ya alichompa. Ruhusa hiyo tuitumie bila aibu.

Lakini baba, subiri, usimwonyeshe bado simu hii.

Hesabu yako ya 75,000 umeiandika upande mmoja. Nepi nane au kumi kwa siku zinataka maji. Bomba likikauka, madumu mawili matatu yanaletwa kwa mkokoteni na yanalipiwa. Zinataka sabuni ya mche. Zinataka mtu akae na beseni saa nzima, pengine mara mbili kwa siku, mwaka mzima na zaidi. Mvua za masika zikianza nepi hazikauki, zinaning'inia ndani mpaka sebuleni. Mtu huyo ni mke wako, anayenyonyesha, pengine amefunga, na saa kumi jioni yuko jikoni anakoroga uji wa futari. Yale masaa yake hayapo kwenye daftari lako. Ukisema "tumeokoa elfu sabini", nakuuliza: imetoka kwa nani? Kama wewe hujapunguza chochote, bado unalipia kibanda umiza kila kuna mechi na bando la simu halijapungua, basi hujabana matumizi. Umemhamishia mzigo mtu mwingine ukauita subira.

Nafaka ya mtoto iko juu ya baba. Nepi ni nguo ya mtoto, na sabuni na maji ya kuifua vinaifuata. Wanazuoni wa Shafi wanasema kazi za nyumbani kisheria si wajibu juu ya mke, anazifanya kwa wema na kwa desturi yetu. Sisemi haya ili leo usiku pawe na kesi majumbani, naomba tusielewane vibaya. Nasema ili baba ajue kwamba anapoamuru nepi za kitambaa anaomba msaada mkubwa kwa mke wake, na anayeomba huomba kwa adabu, na yeye mwenyewe anainama. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia ahali zake, na swala ikifika anatoka.

Basi jibu langu kwa dada: kama kweli hakuna pesa, kubali nepi, na kukubali kwako kuna ujira mkubwa in shaa Allah. Hupati dhambi kumwambia mumeo kwamba peke yako huwezi. Kaeni mpange. Nepi mchana, na ikipatikana pampasi moja ya usiku au ya kujia tarawehe, hakuna ubaya. Baba ajaze madumu baada ya swala ya alfajiri kabla hajatoka kibaruani. Zamu moja ya kufua iwe yake, hata kama ni Jumapili tu. Akiona haya ya majirani kumkuta na beseni, arudie hadithi ya Ummu Qays hapo juu.

Na zile pampasi mnazotumia, jamani, zisitupwe korongoni. Mvua inazileta kwenye mlango wa mwenzako.

Wenye maswali ya tahara waniandikie, au akina mama wamuone ustadha wa madrasa. Kesho in shaa Allah tutaangalia mama anayenyonyesha aliyekula Ramadhani: lini analipa siku tu, na lini inaongezeka fidia.

Wabillahi tawfiq.