Chura wa Kihansi

Wahenga walinena: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini ng'ombe akiyamaliza maji, chura ataishi wapi? Katika korongo la Kihansi, milimani Udzungwa, aliishi chura mdogo wa manjano. Makao yake pekee duniani yalikuwa penye manyunyu ya maporomoko yale. Mwaka 2000 maji yaligeuzwa yatupatie umeme. Manyunyu yakapungua, maradhi yakafuata, na mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Wachache walikuwa wamehifadhiwa Marekani, kama katika safina ya Nuhu. Mwaka 2012 wazao wao wakarudishwa korongoni, penye manyunyu ya mabomba. Sisi tusomao kwa taa ya umeme tunalo deni. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Tusilime tukasahau kutunza.