Bweha Aliyeiba na Bweha Asiyeiba



Sisi watu wa pwani, tunaposikia neno kipupwe, mawazo yetu huenda kwenye kusi, bahari iliyochafuka na ngalawa zilizolazwa mchangani. Bara, katika mkoa wa Singida, kipupwe kina sura nyingine. Nchi ile iko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na tangu Juni hadi Agosti haipati mvua. Uwele na mtama vimekwisha vunwa, mashamba yamebaki matupu, vumbi la njiani ni laini kama unga, na baridi ya alfajiri humwingia mgeni mpaka mifupani. Majira hayo ndiyo nyayo za mnyama husomeka vizuri, na ndiyo mfugaji aliyeibiwa hutoka kwa miguu kumfuata mwizi wake.

Nilikuwa mgeni huko katika kipupwe kimoja, nimefikia kwa mzee wa Kinyaturu, Mwislamu mcha Mungu, mwenye mbuzi wasiozidi 30. Usiku wa pili wa kukaa kwangu, bweha aliingia zizini akachukua mwana-mbuzi. Huyo alikuwa wa tatu katika mwezi ule. Huenda msomaji wa mjini akasema, mwana-mbuzi ni kitu gani? Kwa mzee yule, mwana-mbuzi ni sare ya shule, ni dawa ya mgonjwa, ni kitoweo cha mgeni. Watatu katika 30 si mchezo.

Baada ya sala ya alfajiri mzee alichukua mkuki na rungu, akanipa blanketi nijifunike, tukatoka: yeye, mwanawe kijana, mbwa wawili na mimi. Habari ya hasara yake alikwisha kuipeleka kwa viongozi wa kijiji. Alitangulia mbele, ameinama. Akanionyesha unyayo wa bweha: vidole vinne na alama za kucha, mwembamba kuliko wa mbwa, tena mnyama huyu huenda moja kwa moja kama mtu mwenye shughuli, hali mbwa wa nyumbani huzunguka huku na huko. Na huyu wetu alikuwa na alama yake peke yake. Mguu wake wa mbele wa kushoto ulipungua kidole.

"Ndiye yeye," mzee akasema. "Hata yule wa kwanza, ni huyu huyu."

Tulikwenda kwa muda wa saa mbili kuelekea kwenye majabali. Katika shamba tupu tukawakuta bweha wawili wanachakura samadi ya ng'ombe, wanatafuta wadudu. Kijana akainua rungu. "Baba, hawa hapa!" Mzee akamshika mkono. Bweha wakakimbia, naye akaenda mpaka pale waliposimama, akainama, akatazama nyayo. Vidole vyote vilikuwa kamili.

"Hawa hatuna kesi nao," akasema.

"Baba, si bweha hao hao?"

"Ukiibiwa na mtu wa kijiji cha pili, mwanangu, utampiga kila mtu wa kijiji kile?"

Ilipofika saa nne upepo ukaanza kuvuma, vumbi likafuta nyayo, nasi tukarudi mikono mitupu. Njiani tukakutana na jirani, akacheka. "Mzee, unajichosha bure. Mzoga mmoja na dawa kidogo ya shambani, asubuhi unaokota bweha wote." Mzee akamjibu kwa maneno matatu: "Dawa haina macho."

Ndugu msomaji, maneno hayo nilirudi nayo pwani, na hapa nataka tuyapime pamoja. Je, ule ulikuwa uadilifu, au ulikuwa uzito wa mtu asiyetaka kumaliza kazi? Mwenye kudhuriwa na mmoja, ana haki gani juu ya wengine walio wa aina yake?

Kwanza tuiondoe dhana kwamba Uislamu unamkataza mtu kumwua mnyama mwenye madhara. Mtume wetu (S.A.W.) ameruhusu wauawe watano hata ndani ya Haram ya Makka, nao ni kunguru, mwewe, panya, nge na mbwa mwenye kushambulia, na wako wanavyuoni walioingiza katika huyo wa tano kila mnyama mkali anayewarukia watu. Kuwinda pia ni halali, na Qur'ani Tukufu katika Suratul Maida imeeleza habari ya mawindo ya mbwa waliofunzwa na kutajwa jina la Mwenyezi Mungu. Hata fisi, ambaye wengi wetu humchukia kwa jina tu, katika madhehebu ya Imamu Shafi ni windo lenye kuliwa, kwa hadithi ya Sahaba Jabir. Bweha yeye haliwi kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu hayo. Basi anayemwua bweha hana nyama ya kupeleka nyumbani. Hana sababu ila moja, kuondoa madhara.

Na hapo ndipo penye fundo. Bweha si mukallafu. Hakuandikiwa sala wala saumu, wala hatahesabiwa kwa wizi. Tunamwita mwizi kwa mazoea ya lugha tu. Yeye hutafuta riziki aliyopangiwa. Kwa hiyo kumwua hakuwezi kuwa adhabu, kwani hakuna dhambi. Wala hakuwezi kuwa kisasi, kwani kisasi hudaiwa aliyejua anachotenda. Kinachobaki ni kujikinga. Na wanavyuoni wa fiqhi, walipozungumza juu ya kumzuia mwenye kushambulia, wameweka kanuni nzuri: azuiwe kwa lililo jepesi kwanza, na lisipotosha ndipo lililo zito. Anayeweza kuzuiwa kwa kelele hapigwi, na anayeweza kuzuiwa kwa fimbo hauawi. Kwa kanuni hiyo, mwiba wa zizi hutangulia, halafu mbwa, halafu mkuki. Na mkuki wenyewe ni kwa yule anayedhuru, si kwa ukoo wake.

Iko hadithi ambayo Bukhari na Muslim wameipokea, ya Nabii mmoja katika Manabii wa zamani aliyeumwa na chungu, akaamrisha kichuguu kizima kichomwe moto. Mwenyezi Mungu akamlaumu: aliyemuuma ni chungu mmoja, naye ameangamiza umma mzima wenye kumsabihi Mola wake. Tafakari, msomaji. Lawama ile ilimshukia Nabii, na waliodhulumiwa walikuwa chungu. Ikiwa mizani ni nyepesi kiasi hicho, itakuwaje kwa mimi na wewe?

Tena, hao bweha ni umma kweli. Mtaalamu Patricia Moehlman aliwachunguza katika mbuga za Serengeti, na mwaka 1979 alitangaza aliyoyaona. Bweha dume na jike hukaa pamoja miaka kwa miaka, na baadhi ya wana wao wakubwa hawaondoki, hubaki kuwasaidia wazazi kuwalisha wadogo zao. Na penye wasaidizi wengi, watoto wengi zaidi hupona. Kwa bweha wa mgongo mweusi, huko Serengeti, kuzaa huanza kama mwezi wa Julai, yaani katikati ya kipupwe, majira yale yale ya kuwafuata. Basi anayemwua mmoja asiyehusika huenda anaacha shimoni vinda visivyofumbua macho. Na huyo asiyehusika kwa kawaida anakula panya na wadudu wa shamba, tena anasafisha mizoga. Kweli bweha huweza kuleta kichaa cha mbwa, na jambo hilo si la kudharauliwa. Lakini dawa yake ya kwanza ni kuwachanja mbwa wetu wenyewe.

Sasa tuitazame hiyo sumu. Mwenye kutembea kwa miguu hujua anamfuata nani, na mkono wake unaweza kuzuiwa dakika ya mwisho. Sumu ikiisha kuwekwa haizuiwi. Anayekula mzoga anakufa, na anayemla aliyekufa naye anakufa. Februari 2018, karibu na Hifadhi ya Ruaha, ambayo inapakana na pori la Rungwa, simba sita walikutwa wamekufa kwa sumu, na pamoja nao tai zaidi ya 70. Tai wale waliiba mbuzi wa nani? Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 imekataza sumu, na huko Marekani, ambako wafugaji humfuata koyote, jamaa yake bweha, katika theluji kwa kusoma nyayo zake, Rais Nixon mwaka 1972 alizuia sumu za kuulia wanyama wala-nyama katika ardhi za serikali kuu. Na koyote, pamoja na kuuawa kwa wingi kwa muda wote huo, hawakwisha. Wameenea mpaka mijini.

Huenda ukasema, haya ni mambo ya bara, sisi wa pwani yanatuhusu nini? Mimi nakuuliza: baruti inayotupwa baharini ina macho? Mvuvi anataka samaki wa kuuza, lakini ile baruti huua mayai, vitoto na matumbawe yaliyoota kwa miaka mingi. Halafu turudi majumbani. Kikombe kimevunjwa na mtoto mmoja, wanachapwa watatu ili "aliyevunja asikose". Kijana mmoja wa mtaa kaiba, mtaa mzima unaitwa wa wezi. Mkwe mmoja kakosea, posa za ukoo wake zote zinakataliwa. Njiani inapigwa kelele ya "mwizi!" na watu wanapiga bila ya kuuliza ni yupi. Hayo yote ni mzoga wenye dawa. Mwenyezi Mungu amekariri katika sura zaidi ya moja ya Kitabu chake kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Sisi tunabebesha kwa sababu kumtafuta mwenyewe kunachosha miguu.

Na kunachosha kweli. Sitaki kukuficha mwisho wa habari. Siku ya nne baada ya safari ile, mwana-mbuzi wa nne alichukuliwa. Mama wa nyumba akamwambia mumewe mbele yangu, "Rehema yako, mzee, itatumaliza." Mzee hakujibu. Alichukua panga akaenda kukata miiba. Akalizungushia zizi ua wa pili, na wana-mbuzi wakahamishiwa ndani ya nyumba, wakalala karibu na jiko pamoja na sisi, wanalia usiku kucha. Kila alfajiri alitoka kwenda kutazama nyayo. Mpaka naondoka, bweha mwenye kidole pungufu hakupatikana, na wale wawili wa shambani walionekana tena wanachakura samadi, hakuna aliyewagusa.

Uadilifu, ndugu zangu, una gharama yake, na mara nyingi hulipwa na mwenye mbuzi wachache. Anayekwambia kwamba haki ni rahisi hajapata kuibiwa. Lakini hasara ya mbuzi wanne inahesabika, tena mwakani huenda wakazaliwa wengine. Damu ya asiyehusika haina wa kuirudisha, na imepokewa kwamba hata shomoro aliyeuawa bure atasimama Siku ya Kiyama kumshitaki aliyemwua.

Basi kabla ya kuinua mkono, tuiname kwanza tutazame unyayo.

Wabillahi tawfiq.