Fuata Nyayo Kabla ya Kumtaja Mtu



Baadhi yenu mmeniuliza kama yafaa Mkristo kusoma hadithi za upelelezi. Sina budi kuungama: mimi nimezisoma tangu ujana. Kilichonivuta kwanza ni kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichopata tuzo ya kwanza katika shindano la mwaka 1957-58 na kuchapwa mwaka 1960. Mtu ameuawa, maiti yake imekutwa penye mzimu, na hofu imewashika watu. Bwana Msa, mwenye kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, haridhiki na maneno ya mizimu. Anauliza, anatazama, anamtafuta mwanadamu aliyetenda.

Kazi hiyo si ngeni kwa watu wa Mungu. Someni habari za Beli katika Apokrifa, vitabu ambavyo Kanisa letu huvisoma kwa mafundisho ya mwenendo, ingawa haliweki msingi wa imani juu yake. Mfalme alisadiki kwamba sanamu ile hula vyakula vyote inavyotolewa. Danieli hakuishia kwenye maneno. Alinyunyiza majivu sakafuni, na asubuhi zikaonekana nyayo za wanaume, wanawake na watoto. Walaji walikuwa makuhani 70 na jamaa zao.

Sisi wa Ugogo twalijua jambo hili. Mchungaji aliyepotelewa na ng'ombe hamkamati jirani kwanza. Huinama akatazama vumbi.

Lakini kujua si kutenda. Nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, fedha zilizochangwa na wanachuo zilipotea mezani kwangu. Kijana mmoja alikuwa ameingia ofisini siku ile, naye alikuwa maskini kuliko wenzake. Sikumwuliza neno. Nilimtaja mbele ya wote, naye akafunga mzigo wake akarudi kwao. Baada ya majuma matatu nilizikuta fedha zile ndani ya daftari la mahudhurio, nilikoziweka mwenyewe. Na siku zile zile, kila usiku, nilikuwa nikisoma Kisima cha Giningi na kumsifu Bwana Msa kwa uangalifu wake! Nilimwandikia kijana yule kumwomba radhi. Alirudi, akanisamehe, lakini mwaka mzima hakuinua macho katika darasa langu.

Ndugu zangu, Kumbukumbu la Torati 19 yadai mashahidi wawili au watatu, na waamuzi wachunguze kwa bidii. Mithali 18:17 yatuonya tusimwamini upesi anayetangulia kusema. Nasi je? Mtoto akiugua, au mvua ikikawia, twamtaja nani? Mara nyingi ni bibi kizee asiye na mtetezi, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa mafiga tu. Amtajaye bila kuchunguza amemshuhudia jirani yake uongo, hata kama hakosi ibada ya Jumapili.

Bwana wetu mwenyewe alishtakiwa usiku na mashahidi wa uongo. Hatuwezi kumfuata yeye na kusimama upande wao.

Basi hadithi zisomeni, mjiburudishe. Lakini kama juma hili unalo jina la mtu ulimini, lizuie. Nenda kwanza kwa mwenye jina hilo, uketi, umwulize.

Bwana atusaidie sote. Amina.